Konstebo wa zizini

*Turkana, polisi wa serikali aliingia akiwa mwanajeshi aliyekuja kuteka mifugo. Anayeilinda mifugo hiyo leo ni mwanakijiji wa kujitolea, na miaka nenda miaka rudi serikali haijaamua kama ni askari wake au ni mshukiwa wake.*

Jua halijachomoza vizuri, na mchanga wa mto Tarach, mwendo mfupi kutoka Kakuma, bado una ubaridi wa usiku. Sehemu kubwa ya mwaka mto huu hauna maji juu. Maji yako chini, na wanawake wameyafuata kwa kuchimba kisima kinachomzidi mtu mzima kimo. Mmoja yuko shimoni anachota, wa pili amesimama katikati anapokea, wa tatu juu anamimina kwenye hori la mti. Mbuzi wanagombania zamu.

Kando kidogo, chini ya mgunga, ameketi mwanamume wa makamo juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha Kiturkana ambacho usiku hugeuka mto wa kulalia. Amejifunga shuka. Miguuni ana akala za tairi. Hana kofia ya polisi, hana buti, hana jina lililoshonwa kifuani. Mapajani amelaza bunduki aina ya G3 ambayo kitako chake kimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mpira uliong'aa kwa kushikwashikwa. Mbuzi hawaangalii. Anaangalia vilima vya magharibi, upande wa mpaka wa Uganda.

Huyu ni polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtambua chini ya kifungu cha 110: Polisi wa Akiba wa Kitaifa, mkazi aliyetimiza miaka 18 na kujitolea kusaidia kulinda maisha na mali na kukamata wahalifu. Watu wa hapa wanamwita homugadi, na wengine bado wanatumia herufi za zamani, KPR, yaani Kenya Police Reserve.

Neno la kushika katika sheria ile ni *kujitolea*. Ndilo lililonifanya nirudi nyuma kutafuta polisi walianzia wapi, kwa sababu mtu huyu wa Tarach si kitu kipya duniani. Ni wa kale kuliko kituo chochote cha polisi.

Mkuu wa zizi la farasi

Neno konstebo, ambalo sasa ni cheo cha chini kabisa katika polisi wa Kenya, lilitokana na maneno ya Kilatini, *comes stabuli*, yaani mkuu wa zizi la farasi wa mfalme. Cheo kilizaliwa zizini. Kikapanda hadi kwa majemadari, kisha kikashuka tena hadi vijijini Uingereza, kikamwangukia mkulima wa kawaida.

Mwaka 1285, Mfalme Edward wa Kwanza alitoa Sheria ya Winchester. Kila mji uweke zamu ya usiku. Kila mwanamume wa kati ya miaka 15 na 60 awe na silaha nyumbani kulingana na mali yake. Wizi ukitokea, yowe lipigwe na wote wenye nguvu watoke kufuata nyayo. Wasipomleta mwizi, eneo zima lilipe hasara.

Msomee mzee yeyote wa Oropoi au Lokichoggio masharti hayo bila kumwambia yametoka wapi. Atadhani unamsimulia jana. Mifugo ikichukuliwa Turkana, yowe hutangulia. Vijana wa adakar, yaani kambi ya familia zinazohama na kuchunga pamoja, hukusanyika, na wajuzi wa nyayo husoma mchangani: ni ng'ombe wangapi, wanaswagwa na watu wangapi, wamepita saa ngapi, yupi anachechemea. Kinachowakimbiza ni muda. Upepo wa alasiri ukivuma, mchanga unafuta kila kitu.

Konstebo wa kijiji cha Uingereza aliteuliwa na majirani zake, kwa kawaida kwa mwaka mmoja, na hakuwa na mshahara. Aliacha shamba lake kwenda kumkamata mtu anayemjua. Mpango huo ulidumu karne nyingi, na ulikuwa na maovu yake: wenye uwezo walilipa wengine washike zamu zao, na aliyebaki akilinda mara nyingi alikuwa mzee au maskini aliyekosa kazi nyingine. Ilichukua hadi mwaka 1829 kwa Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, kuunda polisi wa London wenye mshahara, sare na ngazi ya uongozi. Waliachwa bila bunduki kwa makusudi, kwa kuwa wananchi waliogopa kuwekewa jeshi mitaani.

> Cheo cha konstebo kilizaliwa zizini. Turkana kimerudi zizini, bila mshahara.

Lakini polisi hao wasio na bunduki sio waliosafirishwa kuja kwetu. Makoloni yalipata mfano wa pili, ule wa Ireland: polisi wa kambini, wenye bunduki, waliopangwa mbali na kwao na kuwajibika kwa serikali kuu. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuitiisha nchi. Wizi ulikuja baadaye.

Askari waliokuja kuchukua

Kenya, mwanzo ulikuwa ghala. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, iliweka askari wa kulinda bidhaa zake Mombasa. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 walihitajika walinzi wa njia, na mfumo ukaegemea sheria na maofisa kutoka India. Mwaka 1902 likaundwa jeshi la King's African Rifles, KAR. Mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuanzisha polisi wa himaya yote.

Kiswahili kilishuhudia mkanganyiko huo na kuuhifadhi. Mwanajeshi tulimwita askari. Polisi, askari. Mlinzi wa lango la duka, askari. Wazee wetu waliona watu wenye kazi tatu na bunduki ileile, wakawapa neno moja.

Turkana neno hilo lilikuwa sahihi kabisa. Huku hakukuwa na ghala wala reli. Kulikuwa na wafugaji wenye bunduki walizozipata kwa wafanyabiashara wa Ethiopia, na kiongozi wao wa vita, Ebei, aliyekataa kusalimu amri. Misafara ya kijeshi ya miaka ya 1910 iliua watu na kuondoka na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, ngamia na mbuzi. Mkubwa kuliko yote, ulioitwa doria ya Labur, ulifanyika mwaka 1918 na kuunganisha KAR na majeshi kutoka Sudan. Kwa miaka kadhaa baadaye waliotawala walikuwa maafisa wa jeshi, hadi utawala wa kiraia ulipochukua nafasi na eneo lote kuwekwa chini ya Kenya mwaka 1926.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Kuna sehemu za dunia ambako watu walimjua polisi kama mtu anayerudisha kilichoibwa. Mturkana wa kizazi kile alimjua kwanza kama mtu anayeswaga ng'ombe wako kwa jina la serikali. Bibi aliyemsimulia mjukuu wake habari za askari alikuwa anasimulia uporaji.

Kisha ikaja hatua ya pili, na kwangu hii ndiyo iliyoacha kidonda kirefu. Waingereza walikusanya bunduki za Waturkana. Jirani zao wa kaskazini, Wadaasanach, ambao Waturkana huwaita Wamerille, walikuwa na makao yao makubwa Ethiopia, nje ya mkono wa Nairobi, na wakabaki na zao. Uvamizi ukafuata miaka ya 1920 na 1930. Serikali iliyonyang'anya silaha ilikuwa na ngome chache tu, Lokitaung na Todenyang, katika nchi ambayo mtu hutembea siku kadhaa bila kuona bendera.

Polisi wa chifu

Mwaka 1929 ilipitishwa sheria ya polisi wa kikabila, wale TP waliomhudumia mkuu wa wilaya na machifu. Hawa angalau walikuwa wenyeji. Walijua lugha, walijua visima, walijua nani ameoa kwa nani. Lakini kazi zao zilikuwa kupeleka barua, kukusanya kodi na kuwaleta watu mbele ya bwana mkubwa. Mwaka 1958 wakawa Polisi wa Utawala, AP, na wako hadi leo. Polisi wa akiba waliundwa mwaka 1948, kwanza kama msaada wa dharura kwa polisi wa kawaida.

Lodwar yenyewe, makao makuu ya wilaya, serikali iliiona kama mahali pa kumfichia mtu. Wilaya ilikuwa imefungwa kwa sheria. Huingii bila kibali. Ndiyo sababu Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, walifungwa Lokitaung, na ndiyo sababu Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakuachiwa bali alihamishiwa Lodwar, akaishi chini ya ulinzi hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Nyumba yake ndogo ingali pale. Askari walioletwa kwa ajili yao walikuja kumlinda mtu asitoke. Wa kuwalinda wenyeji dhidi ya wavamizi walikuwa wachache.

Bunduki za Moroto

Aprili 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka na wanajeshi wakaitoroka kambi ya Moroto, ng'ambo ya mpaka. Wakaramoja walijibebea bunduki zake. Mizani ya kanda nzima ikabadilika. Aliyekuwa na mkuki akajikuta anakabili risasi, na kila jamii ikatafuta njia yake ya kununua, kupora au kuomba.

Ni katika miongo iliyofuata ambapo serikali ya Kenya, ikijua haiwezi kuweka kituo kwenye kila kisima, iligawa silaha kwa wanakijiji na kuwaita polisi wa akiba. Bunduki ya zamani ya Mark 4, baadaye G3 au AK-47, na risasi za kuhesabika. Mafunzo mafupi. Mshahara hapana.

Ukilitazama kwa makini, serikali ilirudi Winchester ya mwaka 1285. Ilimchagua jirani, ikampa silaha, ikamwambia alinde zizi.

Ramani inaeleza kwa nini. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976. Kutoka Lodwar hadi Kakuma pekee ni kama kilomita 120 za barabara, na huo ndio mwendo rahisi, kwenye lami. Adakar haikai kwenye lami.

Rudisha bunduki

Mwaka 2019 serikali iliwaagiza polisi wa akiba wa kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwamo, kurudisha bunduki ili wahakikiwe upya. Hoja zake si za kupuuza, na nazitaja kwa uzito wake wote.

Bunduki ya serikali mkononi mwa mtu asiye na mshahara ina kishawishi. Zipo zilizokodishwa. Zipo zilizoonekana barabarani zikisimamisha magari. Zipo zilizokwenda kwenye uvamizi ule ule ambao zilitolewa kuuzuia, maana homugadi wa Turkana kwa macho ya jirani yake Mpokot ni mvamizi mwenye kibali, na homugadi wa Pokot kwa macho ya Mturkana ni hivyo hivyo. Mtu hawezi kuwa mwamuzi wa mechi anayoicheza. Na Waturkana nao hawana mikono mitupu katika historia hii: Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, kikosi kilichokwenda kurudisha ng'ombe wa Wasamburu kilivamiwa na wapiganaji wa Kiturkana. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao polisi.

Wafugaji nao wana hoja yao, na ni fupi: nyinyi mmechukua bunduki inayoonekana, iliyosajiliwa, yenye jina la mtu. Ya mwizi hamkuigusa.

Ni malalamiko ya mababu zao wa miaka ya 1920, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba mara hii aliyenyang'anya ni serikali yao wenyewe.

> Mmechukua bunduki yenye jina la mtu. Ya mwizi hamkuigusa: hiyo ndiyo hoja ya wafugaji.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Septemba 2022, kikosi cha polisi kilichokuwa kikiwafuata wezi wa mifugo Turkana Mashariki kilivamiwa Namariat. Walikufa watu 11: polisi 8, chifu na raia 2. Februari 2023 polisi wengine wakauawa kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, na siku chache baadaye serikali ikatangaza operesheni ya pamoja ya polisi na jeshi katika kaunti sita. Jeshi, tena. Ndani ya operesheni hiyohiyo, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alisimamia kuandikishwa upya kwa polisi wa akiba. Walionyang'anywa walihitajika tena.

Sidai kwamba homugadi angeizuia Namariat. Ninachosema ni kwamba waliokufa pale walikuwa wakifuata nyayo katika nchi ambayo anayeijua kwa miguu ni mchungaji.

Mafuta yalipomwajiri

Kuna mahali ambapo homugadi alipata malipo. Machi 2012 mafuta yalitangazwa kupatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Magari, mitambo na kambi za wafanyakazi zilihitaji ulinzi, na polisi wa akiba walikuwa tayari: wana silaha, wanajua eneo, na posho ndogo kwa kampuni ilikuwa pesa nyingi kwao.

Wakaenda. Nani angewakataza? Mtu aliyelinda mbuzi wa watu kwa miaka bila hata shilingi aliitwa kulinda mtambo kwa malipo ya mwisho wa mwezi. Bunduki iliyotolewa kwa ajili ya adakar ikahamia kwenye lango la kambi, na adakar ikabaki na yowe tu. Hili lilinionyesha jambo ambalo mjadala wa bunduki huwa unalificha: kazi ya homugadi ina bei, na walioitambua kwanza walikuwa wenye mitambo.

Kakuma: fulana bila bunduki

Kakuma imejaribu kitu kingine. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa miguu. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina zaidi ya watu 200,000 kutoka mataifa mengi. Polisi wa Kenya wapo, lakini usiku mtaa wa kambi haujui Kiswahili cha kituoni.

Kwa hiyo wakimbizi wenyewe huunda vikundi vya amani na ulinzi vya jamii. Hawana silaha. Wana fulana za kuwatambulisha, tochi, simu, na posho ndogo kupitia mashirika. Wanatenganisha ugomvi kwenye foleni ya maji, wanampeleka mwanamke aliyepigwa mahali salama, wanamwita afisa jambo likiwazidi. Wanamkaribia konstebo wa Peel kuliko kitu kingine chochote katika kaunti hii: mtu wa mtaa, anayeonekana, asiye na bunduki, anayelipwa japo kidogo.

Ng'ambo ya barabara, mwenyeji wa Kakuma analinda na G3 bila malipo. Wanatumia soko moja, mto mmoja. Sisemi mkimbizi anyang'anywe posho yake. Nasema mwenyeji naye apewe yake.

Ukumbini Nawoitorong

Mambo haya yote hufika Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, kwenye kituo cha malazi na mikutano kilichoanzishwa na kikundi cha akina mama wa Turkana. Ni ukumbi wa semina: amani leo, maji kesho, mafuta wiki ijayo. Maofisa huja na vitabu vya kumbukumbu, wazee huja na vigoda vyao. Baada ya salamu, *ejoka*, *ejok*, mazungumzo hukimbilia idadi. Bunduki ngapi zirudishwe, ngapi zitolewe, nani azigawe.

Mimi naona idadi hiyo imetushughulisha kupita kiasi. Karne nzima tumeihesabu bunduki na kumsahau aliyeishika. Mwaka 1829 Waingereza waliona kwamba huwezi kumdai mtu nidhamu usiyomlipia. Sheria yetu ya 2011 bado inamwita homugadi mtu wa kujitolea, kisha inashangaa anapojitolea kwingine.

Konstebo aliyefuzu chuo cha polisi cha Kiganjo akiuawa kazini, kuna faili, kuna cheo, kuna ofisi ya mjane kubisha hodi. Mjane wa homugadi huanza kwa kueleza mumewe alikuwa nani. Mpeni homugadi namba ya kazi, ujira unaofika kila mwezi, bima, na kituo kimoja anachoripoti, chenye ofisa anayejibu kwa kila risasi. Muwafundishe pamoja, wa Turkana na wa Pokot, kwenye uwanja mmoja, wajuane sura kabla ya kukutana kwenye nyayo. Kisha atakayekodisha bunduki ashtakiwe kama polisi aliyevunja kiapo. Hapo serikali itakuwa na haki ya kumdai. Leo inamdai kwa nguvu tu, na nguvu Waturkana waliijua tangu Labur.

Jioni Tarach, wanawake wamefunika kisima kwa matawi ya miiba na kuondoka na madumu kichwani. Mbuzi wanaingia bomani, na mwanamume wa G3 anasimama mlangoni, anawagusa migongo mmoja mmoja kwa fimbo, midomo ikicheza kimya. Wametimia. Anaketi kwenye ekicholong, anachomoa magazini, anazitoa risasi na kuzipanga juu ya shuka yake. Anazihesabu, anazifuta vumbi, anazirudisha. Kituoni ataulizwa kila moja ilikokwenda.